Sufuria Iliyoota Manyoya

Yuliana hakulia mumewe alipokufa, na kwa kosa hilo tu nusu ya kijiji cha Kabasa ilikuwa imeshamhukumu.

Sajenti Hilda Mugeta alikuwa amekaa mbele yake tangu saa moja asubuhi, katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Bunda, na hakuwa na haja ya kuyaona machozi yake. Miaka kumi na minne ya upelelezi ilikuwa imemkausha. Watu walimsema kwamba anaweza kula wali pembeni ya maiti. Hawakumsingizia. Aliwahi kufanya hivyo, kwa kuwa njaa ilikuwa imembana na maiti hakuwa na haraka.

"Anza tena, kuanzia ile Jumanne," alisema.

"Nimeshasema, afande."

"Sema tena."

Yuliana aliweka mikono juu ya meza. Vidole vilikuwa vinatetemeka, akavibana katikati ya magoti. "Alfonsi alirudi kutoka machimboni Jumatatu na homa. Mama mkwe akaja toka Butiama kumuuguza. Jumanne nilienda kusaga mashineni, Nyasura. Umeme ukakatika, nikakaa foleni mpaka saa nane. Nimerudi, nimemkuta mama amekaa kwenye mkeka, nje ya mlango. Alfonsi na mtoto wetu Happyness walikuwa chumbani wanakohoa."

"Ulipoingia chumbani?"

"Joto. Jiko la mkaa nililiacha mle ndani, maana Alfonsi alikuwa anasikia baridi ya homa. Lakini dirisha nililiacha wazi. Nimerudi limefungwa, mama akasema ni upepo. Na mdomoni nikasikia kama nimelamba shilingi."

Hilda aliandika. Moshi wa mkaa ulikuwa umeshampitia akilini siku ya kwanza, akautupa. Mkaa humlaza mtu usingizi asiamke. Haumwachi akohoe siku mbili, mapafu yakijaa maji.

"Halafu?"

"Jumatano asubuhi nikapika uji, wakanywa. Mchana Alfonsi akazidiwa. Alhamisi akafa."

"Wewe uji ulikunywa?"

"Sikunywa. Sikuwa na hamu."

Hapo ndipo kamba ilipomkaza. Uji alipika yeye, aliwanywesha yeye, yeye mwenyewe hakuonja. Nyuma ya nyumba ikaokotwa chupa ya dawa ya kuua wadudu wa pamba imebaki robo. Siku ya mazishi kule Butiama alisimama kaburini macho makavu, na kabla udongo haujakauka mama mkwe wake, Nyamburi, alimwonyesha kidole mbele ya ukoo mzima. Kesho asubuhi angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji.

"Kwa nini hukulia, Yuliana?"

"Sijui. Nilikuwa nasubiri nisikie kitu. Mpaka leo sijasikia. Hata vidole vyangu havisikii." Akainua macho. "Happyness anaendeleaje?"

Happyness alikuwa na miaka mitano. Alikuwa amelazwa Musoma, kwenye mashine ya hewa, na madaktari walikuwa wanatibu sumu wasiyoijua jina.

"Yuko hai."

"Hilo siyo jibu, afande."

"Ndilo nililonalo," Hilda alisema, akafunga faili.

Nje ya mlango alimkuta Konstebo Renatus na simu mkononi. Renatus alikuwa kijana mrefu wa Butiama, dereva wake na shahidi wa kila fomu aliyosaini.

"Mkemia wa Mwanza amepiga," alisema. "Hakuna dawa ya pamba. Siyo tumboni, siyo kwenye uji. Mkuu anasema haidhuru, itakuwa sumu nyingine, mashtaka yako pale pale."

"Sumu nyingine gani?"

"Hakusema."

"Hakusema kwa sababu hajui. Nipe ufunguo wa stoo."

Stoo ya vielelezo ilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya bangi na mafuta ya taa. Hilda alivaa glovu, akashusha mfuko wenye namba ya kesi ya Alfonsi, akakata lakiri mbele ya Renatus na kuandika saa. Ndani kulikuwa na chupa ya dawa ya pamba, kikombe, bahasha yenye vitu vya mtuhumiwa: kitambaa cha kichwa, rozari, na pete ya ndoa ya shaba, ya njano. Chini kabisa ilikuwa sufuria ya uji.

Sufuria ilikuwa imeota manyoya.

Yalikuwa meupe, laini, marefu karibu nusu ya kidole, yamesimama chini ya sufuria na upande mmoja. Siku sita zilizopita Hilda aliifunga mwenyewe kwenye mfuko ule, na haikuwa na kitu zaidi ya masizi na vumbi jeupe alilodhani ni unga.

"Ukungu," Renatus alisema. "Ule uji umeoza."

Hilda alisogeza pua, haikutoka harufu yoyote. Akayagusa manyoya kwa ncha ya kalamu, yakaanguka yakawa majivu. Chini yake bati lilikuwa limeliwa. Akaiinua sufuria kuelekea balbu, na mwanga ukapenya katika vitundu vitatu.

"Ukungu unakula uji," alisema. "Umeona wapi ukala na sufuria?"

Kuipeleka kwa mkemia Mwanza kungechukua wiki, na yeye alikuwa na siku moja. Lakini Musoma alikuwepo Skolastika, aliyekaa naye dawati moja miaka ya sekondari, sasa mwalimu wa kemia kwenye shule ya mjini. Hilda alijaza fomu ya kutoa kielelezo, Renatus akasaini, wakaondoka.

Skolastika aliwapokea maabara, koti jeupe limeingia wino mfukoni. Aliitazama sufuria, hakuigusa. Alikwenda kwanza kufungua madirisha yote.

"Mmekuja nayo hii kwenye gari lililofungwa?"

"Ilikuwa kwenye mfuko, nyuma."

"Mrudi vioo vikiwa chini." Akavuta kiti. "Hilda, nikuulize swali la Fomu Thri. Sufuria kwa nini haishiki kutu?"

"Kwa sababu siyo chuma."

"Umekosa, na hata kule shuleni ulikosaga. Alumini inashika kutu haraka kuliko chuma. Ikikutana na hewa tu inatoa elektroni, oksijeni inazipokea. Kutoa ndiyo oksidesheni, kupokea ndiyo ridaksheni, na siku zote vinakwenda pamoja, kama kuoa na kuolewa. Ila kutu ya alumini ni nyembamba na ngumu, inaishika kama ngozi. Hewa haipiti tena. Sufuria unayoiona inang'aa imeshavaa kutu yake siku nyingi."

"Na hii?"

"Hii imechunwa ngozi."

Alichukua kipande cha alumini, akakisugua kwa msasa. Kutoka kwenye kichupa cha kipimajoto kilichovunjika alidondosha tone moja la zebaki, akalisambaza kwa kijiti karibu na dirisha. Walisimama wakitazama. Baada ya dakika chache pale lilipokuwa tone pakaanza kuchipua nywele nyeupe, zikapanda polepole.

"Zebaki inazimeza metali," Skolastika alisema. "Inachanganyika nazo, inatengeneza aloi laini. Ikishaingia kwenye alumini, ile ngozi haina pa kujishikiza tena. Alumini inapanda juu, inakutana na hewa, inaungua, inakuwa unyoya, unaanguka. Nyingine inapanda. Hivyo hivyo mpaka sufuria inatoboka. Kwa hiyo usiniulize kama zebaki ilikuwemo. Uliza nani aliiweka."

Renatus alikohoa kidogo. "Afande, marehemu alikuwa mchimbaji. Kaka yangu pia yuko machimboni. Wanaosha mchanga na zebaki, inakamata dhahabu, inakuwa kidonge cheupe. Wanakichoma, zebaki inaondoka na moshi, inabaki dhahabu njano."

"Dhahabu haitoi elektroni zake kirahisi," Skolastika alisema. "Moto wa jiko hauifanyi kitu."

"Na mtu akiuvuta huo moshi kwenye chumba kilichofungwa?" Hilda aliuliza.

"Unaunguza mapafu. Siku mbili, siku tatu, amekwisha. Aliyevuta kidogo atasikia ladha ya shilingi mdomoni, mikono itamtetemeka."

Hilda alikuwa ameshapiga simu wodini kabla sentensi haijaisha. Daktari alimsikiliza, akamwomba arudie.

"Zebaki," alisema mwishowe. "Laiti hilo tungelijua wiki iliyopita."

"Mmelijua leo."

"Ipo dawa ya kuifunga isiendelee kula mwili. Hapa hatuna, naiomba Mwanza, inaweza kufika jioni. Lakini sajenti, simwahidi mtu kitu."

"Sijaomba ahadi," Hilda alisema.

Alirudisha simu mfukoni. Renatus alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Basi imekwisha. Alfonsi alichoma mwenyewe, akajiua bila kujua."

"Kaka yako anachomea nini?"

"Sepetu. Wote wanachomeaga sepetu." Tabasamu likapungua. "Hawachomeagi sufuria. Inatoboka, dhahabu inaingia mchanga mweupe."

"Chuma hakichanganyiki na zebaki," Skolastika aliongeza. "Wachimbaji hawajasoma kwangu, lakini hilo wanalijua vizuri kuliko wanafunzi wangu."

"Alfonsi alichimba miaka kumi," Hilda alisema. "Yuliana aliosha mchanga kwenye mwalo, pale wanapooshea dhahabu, kabla hajaolewa, limo kwenye maelezo yake. Hawa wote wangetafuta sepetu, na wangechomea uani, upepo uchukue moshi. Huyu wetu alijua kwamba moto unageuza kidonge kuwa cha njano. Zaidi ya hapo alikuwa hajui kitu. Na alifunga dirisha."

Skolastika alikuwa anafunika kichupa chake. "Kama alikishika kidonge kwa mkono," alisema, "mtazame vidole. Pete ya dhahabu, pete ya shaba, zote zinakunywa zebaki. Zinakuwa nyeupe."

Pete ya Yuliana ilikuwa njano. Hilda alikuwa ameiona asubuhi ile ile.

Walikata kona kwenye njia panda ya Makutano wakaingia Butiama saa tisa. Siku ile ukoo ulikuwa unamaliza matanga. Turubai lilikuwa bado limesimama, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanawake wako jikoni na masufuria makubwa. Waliwajua polisi, wakasalimia kwa heshima, na mzee mmoja akauliza kama yule mwanamke ameshafungwa. Hilda alisema anamtafuta Mama Alfonsi.

Nyamburi alikuwa ndani ya nyumba yake ndogo, amekaa kwenye kigoda, khanga nyeusi begani. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Alikohoa kabla ya kuitikia shikamoo, akakohoa tena baada ya kuitikia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mmeniletea habari ya yule mtu?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Kifua kimekushika tangu lini?"

"Tangu msiba. Hata chakula hakina ladha, kinakuwa kama chuma tu mdomoni."

Hilda alikaa kwenye stuli iliyokuwa karibu naye. Mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa umelala gotini, na kwenye kidole kulikuwa na pete nyembamba, nyeupe yenye mabaka.

"Pete yako ni ya fedha, mama?"

"Shaba. Tulifunga ndoa kanisani mwaka sabini na nane, haikuwahi kubadilika. Imekuwa nyeupe baada ya kumzika Alfonsi. Nimesema basi, ni uchungu, na yenyewe imeota mvi."

Renatus aliinamisha kichwa. Hilda alimtazama bibi usoni bila kupepesa, kama alivyowatazama wezi wa ng'ombe na wabakaji na wote waliopita mbele yake.

"Mama, Jumanne ile uliingia chumbani kwa Alfonsi."

Nje mtu alicheka, akanyamazishwa.

Hilda alikuwa amezaliwa huko huko Mara, hakuhitaji kuelezwa. Kwao mzazi hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Mama anaweza kumuuguza mwanawe barazani, anaweza kumpitishia maji mlangoni, lakini kile kitanda hakisogelei. Mzee anayeonekana akitoka mle anaibeba aibu ile mpaka kaburini, na wajukuu wanaisimulia. Ndiyo maana kwenye maelezo yake polisi Nyamburi alisema hakuingia, na ndiyo maana hakuna mpelelezi aliyemuuliza mara mbili, Hilda mwenyewe akiwemo.

"Nani ameniona?" bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyekuona."

"Basi kwa nini unanivua nguo?"

"Kwa sababu kuna mtu amelala mahabusu."

Bibi alifuta mdomo kwa pindo la khanga. Alipoongea aliitazama sakafu.

"Alikuwa anaungua na homa, haniitikii. Nikasema huyu apelekwe Musoma, hospitali kubwa, lakini kwa kitu gani? Kile kidonge chake alikuwaga anakifunga kwenye kitambaa, anaweka chini ya godoro. Mimi nilijua. Alinisimuliaga, mama, kinachomwa kinakuwa njano ndipo wananunua. Jiko lilikuwa mle mle ndani linawaka. Nikilitoa uani, majirani wataniona natoka nalo chumbani kwa mtoto wangu. Nikafunga dirisha. Nikachukua sufuria, nikaweka kidonge, nikafunga na mlango. Nikakaa kwenye mkeka nilinde, Yuliana asije akanikuta."

"Ulirudi ndani mara ngapi?"

"Mara mbili. Kuangalia kama imekuwa njano. Nikaitoa, sufuria nikaifuta."

"Happyness alikuwa wapi?"

"Amelala na baba yake. Nilimfunika vizuri."

"Dhahabu iko wapi?"

Bibi alifungua fundo la khanga. Kilitoka kijiwe cha njano kisichofika punje ya mahindi, kimepakwa unga mweupe. Akakiweka mkononi mwa Hilda bila kukitazama.

"Niliona aibu kusema," alisema. "Hiyo aibu nimekubali, iandike. Sasa na wewe niambie. Yule msichana alimpa nini mtoto wangu?"

Renatus aligeuka akautazama mlango. Hilda aliwahi kuwaambia watu mengi mabaya, na njia yake ilikuwa moja: kusema mara moja, kwa maneno machache, asiongeze.

"Hakumpa kitu, mama. Kilichomuua ni ule moshi."

"Moshi wa mkaa?"

"Wa kidonge. Ile nyeupe ni zebaki. Ikichomwa inakuwa moshi wa sumu. Wao wanachomea nje, kwenye upepo."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu na hesabu inakataa. Kisha akaacha kutikisa.

"Mlango nilifunga mimi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na dirisha."

"Ndiyo."

Hakulia. Hilda aliona macho yale makavu, akakumbuka jinsi yalivyomfunga mwanamke mwingine. Akamweleza sheria inavyotaka: atakwenda Bunda kuandika maelezo, faili litapelekwa kwa mwanasheria wa serikali, yeye ndiye ataamua kama ni kuua bila kukusudia au ni ajali. Renatus aligusa pingu kiunoni. Hilda akamtazama, akaziacha.

"Nipe nafasi niwaambie hawa," Nyamburi alisema.

"Si lazima, mama."

"Niliwaambia ya kwanza mimi. Na hii nitawaambia mimi."

Alitoka bila fimbo. Chini ya turubai wanaume walisogeza miguu, wakadhani anakuja kubariki chakula. Aliongea kwa lugha ya nyumbani, maneno machache sana. Chumbani kwa mwanawe aliingia. Mlango alifunga. Moto alikoka yeye. Yuliana hana kosa. Mzee aliyeuliza habari za kifungo alisimama akaondoka na kiti chake. Mwingine akamfuata, na mwingine. Kule jikoni wanawake waliacha kukoroga.

Hilda alikwenda pembeni ya gari, akampigia mkuu wake. Mkuu alifoka kwa dakika nzima, kisha akauliza maswali matatu ya maana. Shtaka la kesho angeliondoa. Yuliana angetoka leo leo.

"Nipe niongee naye," Hilda alisema.

Ilichukua muda kumtoa mahabusu. Hilda alisikia kufuli, halafu pumzi.

"Yuliana, unatoka. Zebaki ndiyo iliyowaumiza, ile ya kidonge. Hospitali sasa wanajua wanachokitibu, dawa iko njiani kutoka Mwanza. Renatus atakupitia akupeleke kwa Happyness. Na wewe watakupima."

"Nani alichoma?"

"Mama mkwe wako. Alitaka kupata cha kumpeleka Alfonsi hospitali. Hakujua."

Hilda alisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Ameshajua?" Yuliana aliuliza.

"Nimemwambia."

"Yuko na nani hapo?"

Hilda aligeuka. Chini ya turubai viti vilikuwa vimebaki vitupu mistari mitatu. Nyamburi alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele, na hakuna aliyemsogelea.

"Yuko peke yake," alisema.

"Afande, msimwache peke yake leo," Yuliana alisema, na hapo sauti ikamkatika, akaanza kulia, kilio kikubwa cha siku zote zile. "Mtoto wa kuja kumzika alikuwa na huyo mmoja tu."

Hilda aliishikilia simu mpaka upande wa pili ukakata. Alimwambia Renatus aende Bunda na gari kumchukua Yuliana, arudi kesho kumchukua yeye na bibi. Renatus aliuliza wangelala wapi. Hilda alikuwa ameshaondoka. Alipita katikati ya viti vitupu, akavua kofia, akakaa chini kwenye udongo kando ya yule bibi.